Mzinga wa Mbao wa Kwanza: Dalili, Chanzo na Dawa

Anayeanza useremala wa kujifurahisha hapa Unguja hushauriwa aanze na kigoda, au mbuzi ya kukunia nazi. Ushauri wenyewe hauna kasoro, ila hausikilizwi. Mtu akishapita Mizingani, ile barabara ya ufukweni Mji Mkongwe, akaangalia baharini, au akikumbuka ile mizinga ya vita ya shaba nyeusi ya Wareno, ya karne ya 16, iliyokuwa ikikaa mbele ya jumba la kale la Beit al-Ajaib kabla jengo halijaporomoka upande mmoja Desemba 2020, basi kigoda hakimwingii tena akilini. Anataka mzinga. Mimi simzuii, kwa sababu mzinga unamfunza mambo ambayo vigoda kumi havimfunzi: kukereza (yaani kuchonga mbao inayozunguka kwenye mashine), kutoboa kwa kunyooka, kuunga mbao, kuchora nembo, kupaka rangi. Namwomba tu ajue kwamba utamsumbua, na ajue pa kutafuta chanzo.

Huu tunaouzungumzia ni mzinga wa pambo, wa kukaa juu ya kabati au meza ya barazani. Ni mbao tupu. Mdomo unatobolewa kina cha vidole vitatu basi, ili kivuli kiingie na jicho lidanganyike. Nyuma hakuna tundu lolote la kuwashia. Asiyeridhika na hilo, anayetaka kusikia mlio, asubiri sherehe za Mapinduzi.

Vipimo ninavyopendekeza ni hivi: urefu sm 45, unene wa nyuma sm 8, shingo karibu na mdomo sm 5, tundu la mdomo sm 2.5. Gogo la kuanzia liwe la pembe nne, sm 9 kwa 9, na urefu wa sm 55 ili vichwa viwili vya kushikiwa na mashine ya kukerezea vikatwe baadaye. Ubavuni zinatoka zile pini mbili nene zinazoubeba mzinga juu ya gari lake, yaani kitanda chake cha magurudumu; pini hizo nitaziita mabega. Mabega yana unene sawa na tundu la mdomo, sm 2.5, na ndivyo ilivyokuwa katika mizinga mingi ya zamani.

Jambo moja la kushika kabla hatujaingia kwenye matatizo: katika kazi hii kasoro karibu zote huonekana hatua mbili au tatu baada ya kufanyika. Ufa unaouona siku ya kupaka rangi ulianza siku ya kununua gogo. Bega lililopinda lilipinda gogo likiwa bado la pembe nne. Kwa hiyo ukiona dalili, usianze kutibu pale inapouma. Rudi nyuma.

Ufa unaotoka mdomoni au nyuma na kukimbia kwa urefu

Hii ndiyo dalili inayowavunja moyo wengi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Angalia kwanza ufa umekaaje. Ukiutazama mzinga usoni ukaona nyufa zimetoka katikati kwenda nje kama miale, basi gogo lako lilikuwa na moyo wa mti ndani yake, yaani ulichukua tawi zima au shina dogo zima ukalichonga. Mti ukikauka hujikunja kufuata mviringo wake karibu mara mbili ya unavyojikunja kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Gogo lenye moyo katikati halina pa kujikunjia, lazima lipasuke. Hapo hakuna gundi wala vanishi ya kuzuia. Dawa ni kuchagua gogo lililopasuliwa pembeni mwa moyo, au kuunga vipande viwili vya sm 4.5 kwa 9 ambavyo havina moyo, ukivigeuza ili miviringo ya mti itazamane kinyume. Mstari wa gundi utaonekana kidogo, lakini huu unapakwa rangi ya shaba, nani atauona?

Ukiona ufa mmoja tu, mrefu, upande mmoja, na moyo haumo, basi mti ulikuwa mbichi. Hapa watu hudanganywa sana. Muuzaji anakwambia mbao ni kavu, na kweli kwa juu ni kavu, ukiigusa inalia. Ndani bado ina maji. Mafundi hupenda kuhesabu mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene, na gogo letu ni inchi tatu na nusu. Hakuna kijana anayesubiri miaka mitatu na nusu ili aanze mchezo wake. Kwa hiyo fanya hivi: chonga gogo liwe la pembe nne, vichwa vyote viwili uvipake nta ya mshumaa iliyoyeyushwa au rangi ya mafuta nzito, kwa sababu maji hutoka vichwani haraka kuliko ubavuni na ndiko nyufa zinakoanzia. Liweke juu ya vijiti viwili, mahali penye upepo pasipo na jua. Kisha lipime uzito.

Kupima uzito ndiyo njia ya uhakika ya asiye na kifaa cha kupimia unyevu. Dukani kwa jirani kuna mizani ya kupimia sukari. Mwombe kila Ijumaa ukitoka msikitini, andika kwa penseli kwenye gogo lenyewe: tarehe na uzito. Gogo la mwembe la ukubwa huu likiwa kavu huwa karibu na kilo mbili na nusu hadi tatu. Likiwa bichi linazidi hapo kwa mengi. Namba hizo hazina maana kubwa zenyewe. Unachotafuta ni uzito kuacha kushuka. Likipimwa wiki tatu nne na mizani ikagoma kuteremka, gogo limefika mwisho wa kukauka kwa hewa ya hapa kwetu. Halikauki zaidi ya hapo, kwa sababu hewa ya kisiwani ina unyevu wake mwaka mzima.

Na msimu una neno lake. Gogo lililotulia wakati wa kaskazi, jua kali na hewa kavu kidogo, litanyonya maji tena masika yakifika. Ukikereza masika, likaja kukauka kwa kaskazi, viungo vinalegea. Mimi napenda kukereza kipupwe, kusi ikiwa imeshika, mvua imekwisha na joto halijawa kali.

Kuna ufa wa tatu, ambao ni mdogo lakini unashangaza: mzinga ulikaa miezi mizima barazani salama, ukahamishiwa chumba chenye kiyoyozi, wiki mbili ukapasuka. Kiyoyozi kinakausha hewa kuliko ilivyo nje, na kwa siku chache tu. Ukijua mzinga utakwenda kwenye chumba cha namna hiyo, au utapelekwa zawadi Ulaya, upeleke gogo lenyewe likakae kwenye chumba chenye kiyoyozi mwezi mzima kabla hujalichonga.

Ufa ukishatokea, ujaze lini? Si siku hiyo. Uache ufike mwisho wake, uone umetulia, ndipo ukate kipande chembamba cha mti uleule, umbo la kabari, ukitie na gundi na kukisawazisha. Vumbi la mbao lililochanganywa na gundi linafaa kwa ufa usiopita unene wa kucha. Zaidi ya hapo litadondoka.

Unga mwembamba chini ya mzinga, na vitundu kama vya sindano

Mbao imebunguliwa, au tuseme inabunguliwa sasa hivi. Wadudu hawa wanapenda ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, yenye wanga, na mwembe na mfenesi mchanga ndio chakula chao. Kiini cha mvule au msaji (mtiki) hawakitaki.

Fagia unga wote, weka karatasi nyeupe chini, usubiri siku mbili. Karatasi ikibaki safi, huenda wadudu wamekwisha ondoka na vitundu ni makaburi tu. Jaza nta na uendelee. Unga ukirudi, wapo. Njia safi kuliko zote ni friza: funga mzinga kwa plastiki mara mbili, toa hewa, uweke kwenye baridi kali kabisa kwa wiki mbili, kisha uutoe na uuache ndani ya plastiki mpaka upate joto la kawaida ili maji yasitonee juu ya mbao. Ugumu wa njia hii hauko kwenye mbao, uko kwa mwenye friza. Ukimkuta na pweza wa futari, utarudi na mzinga wako mkononi.

Mashine inatetemeka, na mwili wa mzinga unatoka na mawimbi

Zima mashine. Usijaribu kuyapunguza mawimbi kwa msasa wakati bado unatafuta chanzo, msasa unafuata mawimbi vilevile.

Kama mtetemeko ulikuwepo tangu mwanzo gogo likiwa na pembe, katikati hukuipata. Chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe kwenye kila kichwa. Inapokutana ndipo ncha za mashine zinapoingia. Pasua pembe nne kwa msumeno au randa, gogo liwe la pembe nane kabla ya kulifunga, na uanze kwa mwendo mdogo, mizunguko 600 hivi kwa dakika. Likishakuwa mviringo, ongeza.

Kama mwanzo kulikuwa shwari na mtetemeko umekuja baadaye, kichwa cha nyuma cha mashine kimelegea. Mbao inajibana chini ya ncha, tundu linapanuka. Kaza, endelea, kaza tena.

Kama mawimbi yako katikati tu, kwenye shingo, na kwingine ni laini, basi gogo linapinda kwa kusukumwa. Shingo ni nyembamba, wewe unasukuma patasi kwa nguvu ya mtu anayefungua mlango uliovimba. Noa. Patasi kali haihitaji kusukumwa. Na hapo hapo nikumbushe: hakuna kanzu wala mikono mirefu mbele ya mashine hii, wala shuka begani; na vaa miwani machoni, na kitambaa au barakoa puani. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua, wengine huwatoa vipele siku hiyohiyo.

Patasi inapoteza makali ghafla

Umeinoa asubuhi, saa moja baadaye haikati, na kwenye makali kuna pengo dogo linalong'aa.

Ikiwa mbao ni mvule, umekutana na jiwe. Mvule huweka chokaa ndani ya mwili wake, mara nyingine vidonge vikubwa, na hakuna dalili ya nje. Chokonoa jiwe kwa ncha ya msumari, jaza, endelea. Ikiwa ni mbao kuukuu ya jahazi au ya nyumba ya Mji Mkongwe, umekutana na msumari uliokatikia ndani. Kabla ya kuchonga mbao ya namna hiyo pitisha sumaku pande zote nne, polepole. Ikiwa ni mnazi, hakuna ulichokutana nacho; mnazi wenyewe ndio tabia yake, unakula chuma. Si mti wa mzinga wa kwanza.

Na kwa kuwa nimegusa miti: kwa anayeanza nampa mfenesi uliokomaa. Unakerezeka vizuri, hauna mawe, ni mti wa kwetu unaopatikana mashamba, na mafundi wa milango wameuchonga tangu zamani. Mbambakofi ni mzuri kuliko yote, lakini ni mgumu, utamchosha mtu siku ya kwanza akaenda kucheza bao.

Mzinga umelalia upande mmoja juu ya gari lake

Ukiutazama kwa nyuma, gari limenyooka lakini mzinga umeinamisha sikio. Au ukiutazama kwa juu, mdomo unaelekea kushoto kidogo, kama unayetaka kumwona mtu dirishani.

Wengi hukimbilia kwenye gari na kuchonga vikalio vya mabega upande mmoja. Unatibu mguu wakati jino ndilo linalouma. Gari lipime kwa pima maji kwanza, kisha lisahau. Tatizo liko kwenye matundu ya mabega, na lilizaliwa kwa sababu ulitoboa mwili ukiwa tayari wa mviringo. Kitu cha mviringo hakina upande. Ukitoboa kulia, kisha ukageuza na kutoboa kushoto, matundu mawili hayataonana hata ukiwa na jicho la baharia.

Njia ni kutoboa gogo likiwa bado la pembe nne. Pima kutoka mwisho wa nyuma wa mzinga kwenda mbele, sehemu tatu katika saba za urefu. Kwa mzinga wetu wa sm 45 ni sm 19 na kidogo. Kanuni hii ya tatu katika saba ilitumika sana katika mizinga ya Ulaya ya zamani. Piga mstari kuzunguka gogo kwa kutumia pembe mraba, pande zote nne. Mstari ukirudi ulipoanzia bila kupishana, gogo lako ni la pembe nne kweli. Usipokutana, rudi kwenye randa.

Katika mizinga ya zamani mabega hayakukaa katikati kabisa ya unene, yalikaa chini kidogo. Kwa hiyo tia alama ya tundu milimita 7 chini ya mstari wa kati. Na andika JUU kwenye kichwa cha nyuma cha gogo, kwa kalamu isiyofutika, kwenye ile sehemu ya ziada itakayokatwa mwishoni. Hili ni dogo lakini bila hilo, ukishakereza, hujui tena juu ni wapi na chini ni wapi, na matundu yako yatakuwa yameshuka au yamepanda kwa bahati.

Toboa kwa biti bapa ya milimita 25, drili ikiwa kwenye stendi yake, mpaka ncha ya biti itokeze upande wa pili. Simama. Geuza gogo, weka ncha kwenye kitundu hicho kidogo, umalizie kutoka huko. Ukisukuma moja kwa moja utang'oa bonge la mbao upande wa kutokea. Kisha ziba tundu kwa kijiti cha mbao laini, kipake gundi, kikauke hadi kesho yake. Sasa kereza. Patasi inapita juu ya mbao nzima, haipigi kingo za tundu. Ukimaliza, tia biti ileile katikati ya kile kijiti laini, itafuata njia yake ya zamani kwa sababu pembeni ni pagumu na katikati ni laini.

Kama umeshakereza na matundu yamepinda, hujapoteza mzinga. Ziba matundu yote mawili kwa mbao ngumu na gundi. Tengeneza kitanda cha pembe mbili, mbao mbili zilizoungana umbo la V, lalisha mzinga humo, ukipachika vipande vya kadibodi chini ya shingo mpaka mstari wa kati uwe sambamba na meza. Toboa upya. Utakuwa na alama ya viraka, na rangi ipo.

Fundi mmoja mzee wa Nungwi, wa majahazi, aliletewa mzinga wa namna hii na kijana wa mtaani kwake aliyetaka mabega yanyooshwe. Aliuzungusha mkononi, akauliza, "Mwanangu, mstari wako uko wapi?" Kijana akasema, "Upi, babu? Nimeshaufuta kwa msasa." Mzee akamrudishia. Kwa watu wa majahazi mstari wa kati haufutwi mpaka chombo kiingie majini.

Mdomo mnene upande mmoja

Ukiutazama usoni, tundu halipo katikati ya duara. Sababu ni ileile ya mpangilio: ulikereza kwanza, ukatoboa baadaye. Kata kile kichwa cha ziada cha mbele, kisha toboa mdomo kwanza, sm 5 za kina, gogo likiwa bado nene na limeshikwa imara kwenye jiriwa, yaani kibanio cha meza. Kisha tengeneza kizibo cha mbao chenye umbo la pia ya kuchezea, kiingie kwenye tundu, na ncha ya mashine ishike kizibo hicho. Sasa mwili wote unazunguka kwa kufuata tundu, hauwezi kutoka nje ya katikati.

Kama kingo za mdomo zimemeguka, biti ilikuwa butu au uliitoa kwa haraka ikiwa bado inazunguka. Kata milimita tatu za mbele, mzinga uwe mfupi kidogo. Hakuna atakayepima.

Mzinga unapiga magoti mbele

Mzinga wa kweli ulikuwa mzito nyuma. Nyuma ndiko ulikolalia kabari, na kabari ikisogezwa ndiyo mdomo unapanda au kushuka. Wako ukidondosha mdomo kila ukiuachia, ama mabega umeyaweka nyuma mno, ama uvimbe wa mdomo umeuacha mkubwa. Punguza uvimbe kwanza. Ikiwa haitoshi, pindua mzinga, toboa kitundu chini upande wa nyuma, mahali panapofichwa na gari, utie chubwi za kuvulia mbili tatu na kuziba. Chubwi ni madini ya risasi, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula, na usizikate wala kuzisugua ndani ya nyumba yenye watoto.

Umefanana na chupa ya soda

Kila kipimo ni sahihi, hakuna ufa, na bado mtu akiingia sebuleni anauliza ni chupa ya nini. Umechonga mteremko mmoja laini kutoka nyuma hadi mbele. Mzinga hauteremki hivyo. Unateremka kwa ngazi: sehemu ya nyuma nene, inakatika kwa pete, inaanza nyingine nyembamba kidogo, pete tena, halafu shingo ndefu, kisha uvimbe wa mdomo. Kila ngazi ni milimita mbili tatu tu, lakini jicho linazihesabu.

Pete nazo wanaoanza huzifanya nene mno. Milimita nne za upana zinatosha, na kimo kisizidi milimita mbili. Kata kigezo cha kadibodi chenye umbo la nusu ya mzinga, ukiegemeze kwenye mwili mashine ikiwa imezimwa, utaona penye mwanga.

Kile kirungu cha nyuma kabisa kiache cha mwisho, ndicho kinachoshika uzito wote wakati wa kukereza. Ukikiwahi, mzinga unaruka.

Gari linatikisika juu ya meza

Gurudumu moja halifiki chini. Kabla hujagusa kitu, lizungushe gari nusu mduara papo hapo mezani. Gurudumu lilelile likibaki juu, kosa ni la gari. Likishuka na jingine likapanda, meza ndiyo mbovu, nenda kanywe chai.

Kosa likiwa la gari, mara nyingi ekseli mbili hazilali sambamba, moja imejipinda kuliko nyenzake. Weka vijiti viwili virefu vilivyonyooka, kimoja juu ya kila ekseli, chuchumaa uangalie kimoja kikimfunika mwenzake. Utaona pembe iliyopanda. Kiasi kidogo kinaondoka kwa kubandika msasa kwenye kigae cha sakafu na kusugua magurudumu yote manne kwa pamoja.

Magurudumu ya mbele ya gari la mzinga wa melini yalikuwa makubwa kuliko ya nyuma, kwa sababu sitaha ya meli ina mwinuko katikati na kuteremka kuelekea ubavuni. Mimi hutumia sm 6 mbele na 5 nyuma. Kwa hiyo gari likikaa limeinamia mbele, usitafute mbali, umeyabadilisha.

Rangi haikauki, laka inageuka maziwa, madoa meusi

Vanishi inayonata baada ya siku tatu: ama ulipaka juu ya mafuta ambayo hayajakauka, ama ni masika na umepaka nzito. Kwenye hewa ya kisiwa tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Na mti wenye mafuta yake mwenyewe, kama msaji, ufute kwanza kwa thina, usubiri ukauke, ndipo upake.

Laka iliyogeuka nyeupe kama ukungu: thina imeruka haraka, mbao ikapoa, unyevu wa hewa ukanasa ndani. Hutokea zaidi jioni au mvua ikiwa angani. Pulizia tabaka jepesi la thina peke yake saa sita ya mchana siku ya jua. Mara nyingi ukungu unaondoka. Usipoondoka, piga msasa namba 240 na uanze upya siku nyingine.

Madoa meusi kuzunguka skrubu ni chuma na maji vikikutana na mti wenye ukali, mvule na msaji zaidi. Sugua ndimu, acha robo saa, futa kwa kitambaa chenye maji, kausha. Kisha skrubu zibadilishe ziwe za shaba.

Rangi ya shaba yenyewe inakataa kufanana na shaba? Umeipaka moja kwa moja juu ya mbao au juu ya praima nyeupe, inaonekana kama kikombe cha mashindano ya skuli. Anza na nyeusi isiyong'aa, mwili wote, hadi ndani ya mdomo. Chukua kitambaa kikavu chenye rangi ya shaba kidogo tu, upite juu ya maeneo yaliyopanda: pete, uvimbe wa mdomo, kingo za nembo. Mabonde yabaki meusi. Kutu ya kijani iwe chache, kwenye mashimo ya nembo na chini ya pete panapotuama maji; kijani kidogo, buluu kidogo na chaki, vikavu zaidi kuliko vya maji. Mizinga ya baharini haikupigwa chumvi sawasawa kila upande, upande mmoja huwa mbaya zaidi.

Gurudumu linalia

Mshumaa kwenye ekseli. Usitie mafuta ya kupikia, yatavuta sisimizi.